Kompyuta ya Fundi Karabai

Mume wangu Munyemana hutengeneza karabai za wavuvi. Hapa Kamembe, kando ya ziwa Kivu, wanaomjua ni wengi, hasa watu wa kisiwa cha Nkombo, wale wanaovua vidagaa vya sambaza usiku na kuvuka asubuhi wakiwa na taa zilizopasuka kioo au kuziba tundu la mafuta. Yeye huzifungua juu ya gunia, huzipuliza, huziwasha mchana kweupe na kuzikazia macho mpaka naingiwa na hofu kwamba atapofuka. Kuhusu kazi hiyo ana neno lake moja: samaki hawajaenda popote, kilichopungua ni mwanga. Taa dhaifu humwonyesha mvuvi maji matupu. Taa kali hushuka chini, na kilichokuwamo siku zote hupanda.

Asiyelijua neno hilo hataelewa kwa nini mwanamume wa umri wake, ambaye hata karata hachezi, alijenga kompyuta ya michezo katika nyumba yetu.

Sababu ni Gad, mtoto wetu wa kwanza. Mwaka 1996 tulikuwa tukiishi Bukavu, mtaa wa Kadutu. Asubuhi moja Munyemana alimchukua Gad wakaenda Kavumu kuleta maharage kwa shangazi yake. Mchana risasi zikaanza, barabara ikafungwa. Mimi niliteremka mtoni na Benitha mgongoni, nikavukia huku Rwanda. Wao wakasombwa na umati uliokimbilia magharibi, ndani ya msitu wa Kahuzi na kuendelea. Msimu mzima wa mvua ulipita, kisha Munyemana akarudi peke yake.

Aliyoyasema siku ile hajayaongezea wala kuyapunguza hadi leo. Walifika kwenye uwanja wa ndege wa majani, katikati ya pori. Miguu ya Gad ilikuwa imevimba. Akamkalisha pamoja na watu wengine, akateremka mtoni kuteka maji. Risasi zikasikika. Aliporudi hakukuwa na mtu, ila majani yaliyolaliwa. Aliita mpaka sauti ikakauka. Wenyeji walikuwa wamekimbia, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwambia mahali pale panaitwaje. Alichobaki nacho ni sura yake tu: mto unaopinda kama kiwiko, na vilima vitatu, cha katikati kikiwa kama kimekatwa kichwa.

Sasa katika ukoo wa Munyemana, matanga hayaanuliwi mpaka baba wa nyumba asimame mbele ya jamaa aseme marehemu yuko wapi. Si lazima pawe na kaburi. Aliyezama ziwani, baba yake husema, yuko ziwani, na yanaisha. Lakini lazima pawe mahali. Wanasema ukianua matanga kwa neno "sijui", umemfungia mlango mtu ambaye bado yuko njiani. Kwa hiyo miaka ikapita na nyumba yetu ikabaki nyumba ya matanga. Baadaye watu wakaanza kuniita Mama Benitha, nami niliitika. Yeye akiitwa Papa Benitha hakugeuka.

Benitha akakua, akapata mchumba, kijana wa Mibirizi mwenye adabu. Wazee wa kijana wakaja, wakanywa, wakatazamana, wakasema kwa upole kwamba ng'ombe wa mahari haingii kwenye nyumba yenye matanga. Wangengoja hadi mwisho wa kiangazi. Baada ya hapo kijana angetafutiwa kwingine.

Benitha alilia jikoni. Munyemana akatoka nje akakaa na karabai zake.

Wiki ileile nilienda naye kwa Hamdani. Hamdani ni fundi wa redio na kompyuta, ana kibanda karibu na msikiti, nasi tunamfahamu tangu tulipovuka. Tulikwenda kutafuta waya tu. Kwenye meza yake kulikuwa na kompyuta iliyokuwa ikijaribiwa, na ndani yake ndege ndogo ilikuwa ikiruka yenyewe juu ya maji. Munyemana akasimama.

"Karibu, Papa Gad," Hamdani akasema. Yeye hakuwahi kulibadilisha jina hilo, ndiyo maana mume wangu anampenda. "Karabai ya nani tena?"

"Hamdani, ile maji ni ya wapi?"

"Huu ni mchezo ya ndege tu, Papa Gad. Batoto banaupenda."

"Nakuuliza maji."

"Aa, maji? Ni Kivu yetu. Bazungu baliweka dunia yote mule ndani. Hata kiwanja yetu ya ndege ya Kamembe iko."

"Na upande ya Congo? Kule ndani, mu pori?"

"Dunia yote ni yote. Ila hii mashine iko zaifu, haione mbali. Unaona ule ukungu? Haiko ukungu ya kweli. Ni mashine inachoka."

Munyemana aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Yenye nguvu itaonesha?"

"Yenye nguvu itaonesha," Hamdani akasema, akicheka. Baadaye aliniambia angelijua angelilimeza neno hilo.

Basi wakaanza kuchagua vipande. Kompyuta nzima yenye nguvu hatungeiweza hata tungeuza paa, lakini Hamdani alikuwa na marundo: mashine zilizokufa maofisini, nyingine zilizovuka daraja kutoka Bukavu, zikiwa na vumbi ambalo sikupenda rangi yake. Alimpangia mume wangu kama mama anavyopanga chakula cha wageni wakati unga ni mdogo, ukizidisha huku unapunguza kule.

"Ubongo, chukua ya kawaida. Diski, chukua kidogo, hauna video ya harusi ya kuweka mule."

"Bado," Munyemana akasema.

"Bado, inshallah. Kioo, chukua hii ya mugongo mukubwa, iko nzito lakini inaona. Vijiti vya kumbukumbu, viwili. Feza ingine yote weka ku kadi ya picha, na ku hii kisanduku ya umeme."

"Kadi njo inaleta mwanga?"

"Kadi njo inachora vilima, ndiyo. Kadi kubwa, vilima vya mbali."

"Na kisanduku?"

"Kisanduku inaleta uzima. Umeme wa huku unaujua, leo ni mwingi, kesho ni kama mate. Kisanduku mubaya itauwa vyote."

"Mi natafuta mwanga," Munyemana akasema. Akachukua kadi kubwa kupita ile aliyoonyeshwa, na kisanduku cha umeme cha bei ya chini kabisa. Alivipokea kama anavyopokea vyuma vya karabai: alivinusa, akaviinua kwenye jua, akavipuliza.

"Papa Gad, hii kadi inakula umeme sawa vile bashemeji banakula nyama," Hamdani akamwonya. "Kisanduku itashindwa."

Hakusikia. Katika karabai hakuna kitu kama hicho. Ukiweka utambi mkubwa, taa inawaka zaidi, basi.

Sanduku la kutia vipande alilifua mwenyewe kwa mabati ya jiko letu lililoanguka kwenye tetemeko la mwaka uliotangulia. Lilikuwa na kutu upande mmoja na masizi upande mwingine. Akaliweka sebuleni chini ya picha ya Bikira Maria. Benitha alilitazama akashika kiuno.

"Maman, benzangu baba zao banajenga nyumba. Wangu anajenga ndege, na hatuna hata pikipiki."

"Nyamaza, baba yako anasikia."

"Asikie. Akifika huko aniletee bwana mwingine."

Nilicheka, na nikajilaumu kwa kucheka, kwa sababu yeye hakucheka.

Siku alipoiwasha mara ya kwanza nilikuwa nikichambua maharage. Ndege ilisimama kwenye uwanja wa Kamembe. Nikaujua uwanja, nikaujua mteremko wa kilima nyuma yake. Kisha akaipaisha, nami nikaacha maharage. Hakukuwa na soko. Hakukuwa na barabara ya kuteremka mpakani, wala daraja. Pale kilipo kisiwa cha Nkombo palikuwa na maji tu, laini, kana kwamba hapajawahi kukaliwa. Munyemana aliizungusha ndege mahali nyumba yetu ilipo, na palikuwa na majani.

"Watu wako wapi?" nikamuuliza.

"Mashine inachoka," akasema. "Haifiki kwa bantu."

Nilitazama majani yale, na baada ya muda nikainuka nikaenda kugusa ukuta wa jikoni.

Tangu hapo kila mchana, akimaliza karabai, aliketi. Alifuata njia waliyoikimbilia: juu ya Kavumu, juu ya msitu, polepole. Vilima vilitoka kwenye ule ukungu kimoja kimoja, vikichelewa, kama watu walioitwa ambao hawataki kuja. Akiona uwanja wa majani, alitua, akatazama pande zote, akatikisa kichwa, akapaa. Mimi nilikaa nyuma yake na kazi yangu mkononi. Sikuweza kukaa chumba kingine. Nilikuwa na hofu ambayo sikuijua jina: kwamba siku moja atapita kilima na mtu atakuwa amesimama.

Alasiri moja umeme ulipanda ghafla. Sanduku likapiga kelele kama paka, moshi ukatoka kwenye kutu. Hamdani alipofika na kufungua, hakusema "nilikwambia". Alinusa tu. Kisanduku cha umeme kilikuwa kimekufa, na kimeua ubao mkuu na ubongo pamoja nacho. Kadi ya picha ilikuwa hai.

"Ile kubwa iko na Mungu wake," Hamdani akasema.

Ikabidi waanze upya. Munyemana alikaa juu ya karabai hata siku za Jumapili, nami nikauza mbuzi bila kuulizwa. Mtu atauliza kwa nini nilimsaidia. Kiangazi kilikuwa kinaisha, mwanangu wa kike alikuwa amekonda, na njia ya kuanua matanga nilikuwa siioni nyingine. Safari hii Munyemana alinunua kisanduku cha umeme kwanza, kizito, chenye feni pana, na Hamdani akamtafutia vijiti vya kumbukumbu viwili zaidi ili kadi ipate kupumua.

Mashine hiyo mpya haikuchoka. Ukungu uliondoka. Kutoka juu ya ziwa niliona mbali kuliko nilivyowahi kuona kwa macho yangu mwenyewe, safu nyuma ya safu, mpaka inapoishia rangi ya buluu. Nilidhani kadi ikipata nguvu italeta watu. Ilileta miti. Miti mingi sana, yote imesimama wima, haitikisiki, na chini ya kila mti kuna kivuli chake. Utupu ule wa kwanza ulikuwa na mwisho. Huu haukuwa nao.

Hamdani alijaribu kumweleza. Alikaa kwenye kigoda chetu, kofia yake gotini.

"Papa Gad, sikiliza. Hii ilichorwa na bantu bako kule Ulaya, hawajafika huku. Mto balipima, kilima balipima. Majani ni ya kubahatisha tu. Mule hamuna muntu, hata ukiweka kadi ya moto."

"Mto balipima?"

"Mto, ndiyo."

"Na kilima?"

"Na kilima."

"Basi inatosha," Munyemana akasema, akamgeuzia mgongo.

Ilikuwa Jumamosi, mchana, mvua ya kwanza ya mwisho wa kiangazi ikipiga bati. Hamdani alikuwa amekuja kusafisha feni. Benitha alikuwa amekwenda sokoni. Mimi nilikuwa nikishona mkeka. Niliona mabega ya mume wangu yameinuka, nikajua kabla hajasema.

"Patricie. Kuja."

Mto ulikuwa unapinda. Nyuma yake vilima vitatu, na cha katikati kimekatwa kichwa. Kati ya mto na vilima palikuwa na uwanja mwembamba wa majani. Hamdani aliacha feni. Munyemana alitua polepole sana, ndege ikarukaruka, ikasimama. Akazima injini.

Tulisikia mvua ya kwetu tu. Ndani ya kioo kulikuwa na jua. Mawingu yalikuwa yakipita na vivuli vyake vikitembea juu ya majani, vikitufikia, vikitupita. Munyemana alikaa mikono juu ya mapaja kama mtu aliye kwenye nyumba ya wenyewe. Vivuli vya miti vilianza kurefuka.

"Mwite," akaniambia.

"Nani?"

"Wewe hakukusikia siku ile. Sauti yangu aliisikia sana."

Nilitaka kumwambia ni mchezo wa watoto. Nilimtazama Hamdani, naye alikuwa anatazama sakafu, midomo yake inasoma kitu. Basi nikaita. Nikasema, "Gad, kuja, twende nyumbani," kwa sauti ileile niliyokuwa nikimwitia chakula Kadutu. Sauti yangu ikarudi kutoka kwenye bati.

Munyemana alingoja kidogo, kama mtu anavyongoja abiria apande na kufunga mlango. Kisha akawasha injini.

Mimi sijasoma sana, lakini natazama. Ndege ile ndogo nilikuwa nimeiona ikipaa kwenye viwanja vya majani mara nyingi kuliko nilivyohesabu, na kila mara magurudumu yaliacha ardhi kabla ya katikati ya uwanja. Siku ile ilipita katikati bado iko chini. Ilifika robo ya mwisho bado iko chini. Mishipa ya mkono wa Munyemana ilikuwa imesimama. Miti ilikuwa inakuja. Magurudumu yaliinuka yakashuka, yakainuka tena, na vilele vya miti vikapita chini yetu karibu kiasi kwamba niliinua miguu yangu kutoka sakafuni.

"Ni hewa ya kule," Hamdani akasema, lakini kwa sauti ndogo. "Juu sana, hewa ni nyepesi. Na majani yanashika."

"Iko nzito," Munyemana akasema. "Iko nzito upande wa kuume."

Na kweli, njia nzima aliishika fimbo ya kuongozea ndege kwa kuivuta kushoto. Msitu, Kavumu, ziwa. Alitua Kamembe kwa upole ambao sijauona hata kwa marubani wa kweli. Akazima. Akainuka, magoti yakilia, akaenda kufungua mlango wa nyumba na kuuacha wazi, mvua ikiingia mpaka kwenye mkeka wangu. Sikumwambia aufunge.

Baada ya muda akasema bila kugeuka, "Waite bantu. Tuanue."

Siku ya kuanua matanga ilipokaribia, Hamdani alinikuta kisimani. Aliangalia kwanza kama mume wangu yuko karibu.

"Maman, niko na neno. Nilijaribu ule uwanja, ku mashine ya muteja mumoja. Ndege ileile, mafuta yaleyale, nilitua na nikapaa. Hata mara tatu."

"Ikawaje?"

"Ilipaa mbio. Haikufika hata katikati." Akajipangusa uso. "Sijue nimwambie Papa Gad ao nisimwambie. Akisikia, atasema alikosea. Atarudia kutafuta, na harusi ya mutoto itakufa."

Nilitua ndoo. Niliogopa, siwezi kusema sikuogopa, lakini jibu lilikuwa limekwisha kufika mdomoni kabla sijalitafuta.

"Sasa lazima ipae mbio, Hamdani. Aliyebaki pale wa kubebwa ni nani?"

Hamdani akainua ndoo yangu akanibebea mpaka mlangoni, jambo ambalo si kawaida yake, akaenda zake.

Jamaa walikuja wakajaa ua. Wazee wa Mibirizi nao walikuja, wakakaa pembeni, kofia mikononi. Kaka mkubwa wa mume wangu, mzee Munyaneza, ndiye aliyeshika beseni la maji ya kunawa, kwa kuwa baada ya kunawa hakuna kulia tena. Alimsimamisha Munyemana mbele ya watu.

"Mutoto wako Gad iko wapi?"

"Iko Kamembe."

Watu wakanong'ona. Munyaneza alikunja uso. "Tulijua alibakia mu Congo."

"Alibakia. Nilienda kumutwaa. Alifika siku ya posho, ku kiwanja ya ndege, mvua ikinyesha. Mama yake iko shahidi."

Macho yote yakaja kwangu. Siku ya posho ni Jumamosi, na Jumamosi ile nilikuwepo. Benitha alinishika kiganja, chake kilikuwa baridi. Nikasema, "Alifika. Nilimuachia mulango wazi." Hakuna aliyecheka. Munyaneza alitutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa kukubali, akateremsha beseni.

Tulikuwa tumeanza kunawa ndege ya kweli iliposikika kutoka upande wa ziwa. Huwa hazitujali, wala sisi hatuzijali. Siku ile kila mtu aliinua kichwa. Ilipita chini sana juu ya mabati, ikateremka kwenye uwanja, na sisi tukabaki tumesimama, maji yakidondoka kwenye vidole, mpaka injini ikazimwa. Ndipo Munyemana akatia mikono yake ndani ya beseni, na Munyaneza akatuambia sisi wanawake tukalete chakula.